Hotuba ya Mwalimu Desemba 1962: aliuliza nani anaijua ngoma ya Gombe Sugu. Tumejibu nini mpaka leo?

Kibuyu Kitupu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye shughuli huku wilayani kwetu, uzinduzi wa kisima, mgeni rasmi kachelewa saa tatu nzima, watoto wa shule wamesimama juani na kikundi cha ngoma kimekaa chini ya mwembe na fulana zao za kugawiwa. Mgeni alipofika ngoma ikapigwa kama dakika nne hivi wakati anashuka kwenye gari na kupeana mikono na watu, akatikisa mabega kidogo kwa ajili ya kamera, emsii akakata "asanteni sana, inatosha, inatosha". Wakarudi mwembeni. Baada ya hapo spika zikafunguliwa ni amapiano mpaka magharibi. Nikamfuata mzee mmoja wa kile kikundi namuuliza hii ngoma yenu inaitwaje, akanijibu "hii ya mapokezi". Nikamwambia hapana mzee, jina lake hasa, zamani mlikuwa mnaiitaje. Akacheka, akasema jina lipo ila siku hizi ni ya mapokezi.

Nimerudi nyumbani nikaitafuta ile hotuba ya Nyerere ya tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri na yeye kuapishwa kuwa rais wa kwanza. Wengi tunajua za Azimio la Arusha, hii haisomwi sana na mi naona ndio ilibeba kila kitu kilichokuja baadae. Aliwaambia wabunge kwamba katika maovu yote ya ukoloni hakuna baya kuliko lile la kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu, au kama tulikuwa nao basi ni wa kuonea aibu. Halafu akawauliza, wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, twisti, rokenroli, hata waltz na foxtrot, lakini wangapi wanaweza kucheza, au hata wamewahi kusikia, Gombe Sugu, Mangala, Nyang'umumi, Kiduo au Lele Mama? Hapo hapo akatangaza wizara mpya kabisa, ya Utamaduni wa Taifa na Vijana.

Sasa fikirieni, rais wa nchi masikini, siku yake ya kwanza kuongea na bunge kama rais, anaacha habari za pamba na mkonge anauliza watu kuhusu ngoma. Leo nani atathubutu? Naomba tujadili, ila tusileteane mambo ya chama gani.

Mzee wa Foleni

Mkuu umeleta uzi mzuri ila umechagua nyama ukaacha mfupa. Hiyo hotuba ina sehemu nyingine ndefu tu ya mashamba na vijiji. Alisema kwa jembe la mkono hatufiki, tunataka plau na trakta, lakini trakta huwezi kumpelekea mtu mmoja mmoja aliyekaa huko porini peke yake, kwahiyo kwanza watu wakae pamoja kwenye vijiji, hapo ndio shule itajengeka, hospitali, maji safi. Ilisemwa 1962 kwa upole kabisa, kama baba anashauri wanae. Novemba 1973 ikawa amri, watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Mimi wazazi wangu ndio waliohamishwa kwahiyo unaposema hotuba ilibeba kila kitu nakubali, ilibeba na hilo.

Kitasa

Ngoma za nini bana. Wenzetu wanaongelea viwanda nyie mnaongelea lelemama. Ndio maana hatuendelei.

Kibuyu Kitupu

@Kitasa asante kwa kunithibitishia hoja yangu 😂

@Mzee wa Foleni hilo la vijiji nilikuwa nalitunza nione nani atalileta. Uko sahihi. Na katikati hapo wala hakukurupuka, walianza na vijiji vya mfano kuanzia 1963, Upper Kitete kule Umbulu kikiwemo, matrakta yakapelekwa, gharama zikawa kubwa mpaka mwaka 1966 serikali yenyewe ikaachana na mpango ule. Maana yake zile trakta za hotuba zilishindwa mapema kabisa, yaani sababu yenyewe ya watu kukaa pamoja ilikufa ila kukaa pamoja kukaendelea. Hili huwa linanisumbua sana.

Ng'wana Maswa

Naomba nichangie kama Msukuma. Kwetu kuna bugobogobo, sijui mmewahi kuiona laivu au ni kwenye tv tu. Inachezwa na majembe. Sio mfano wa jembe wala kijiti, ni jembe lenyewe la mkono lenye mpini, mnakuwa kwenye mstari, ngoma ikipanda jembe linarushwa hewani linazunguka linadakwa, likirudi chini wote mnakata ardhi kwa mpigo mmoja. Babu alikuwa anasema kikundi kikilima kwa ngoma shamba la mtu mmoja hawatumii hata nusu ya siku, na mwenye shamba kazi yake ni kuhakikisha chakula na pombe vipo. Mi nimewahi kudaka lile jembe nikiwa na miaka kumi na nne, likanipiga kwenye kifundo, alama ninayo.

Sasa ninachotaka kusema ni hivi, hotuba ni moja, siku ni moja. Upande huu Mwalimu anasema jembe la mkono lituondokee, upande huu anasema ngoma zetu zirudi. Kwetu ni kitu kimoja hicho! Ukiondoa jembe bugobogobo inabaki nini? Inabaki hiyo ya dakika nne ya kumpokea mgeni rasmi. Wanaume wazima wanarusha majembe ambayo hayajawahi kugusa udongo, yamepakwa rangi. Na ukiwatoa watu kwenye kaya zao ukawapanga kwenye mstari pembeni ya barabara kama walivyofanywa kwetu 1974, wale waliokuwa wanalima pamoja huyu kaenda huku yule kule.

Simlaumu Mwalimu, huenda hakuna aliyeliona. Ila ndio hivyo.

Mzee wa Foleni

@Ng'wana Maswa duh. Hii komenti ifungwe kwenye fremu.

binti_kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nataka kuuliza tu, Lele Mama imekuwa ya Tanganyika lini? 😅 Bibi yangu aliicheza hapa hapa na akawa mkali nayo. Wanawake wamepanga mstari, sare moja, hawarukiruki, ni mikono na shingo tu inaenda taratibu na huku pembe ya nyati inagongwa kwa kijiti. Uzuri wake ni ule utulivu, ukitoa jasho umeshindwa. Na zilikuwa na vyama, chama hiki kinashindana na kile, mwaka huu hawa wametoa sare ya hariri mwaka ujao wale lazima wazidi, waume wanalia pesa zinaisha. Bibi alisema wanawake waliosutana kwenye nyimbo za lelemama walikuwa hawasalimiani mpaka msiba uwapatanishe.

Kwahiyo nikisoma rais anaitaja bungeni mbele ya wanaume na suti zao napata raha, lakini pia najiuliza kama alijua ni ya kina nani ile.

Mama Sekulu

Mwanangu binti_kisauni alijua sana tena. Mimi ni mtu mzima naomba mnivumilie nikiandika kirefu, simu hii nayo inaruka maneno. Bibi Titi Mohamed kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapo Dar. Mwaka 1955 alipopewa kitengo cha kina mama cha TANU, chama cha Mwalimu cha kupigania uhuru, hakwenda kuanza kugonga mlango mmoja mmoja, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama na vingine, ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima na sare zao na daftari lao la michango. Wanaume wengi walikuwa wameajiriwa serikalini na watumishi wa serikali walizuiwa siasa, kadi wakinunua kina mama. Kwahiyo TANU ya mjini ilikaa kwenye mabega ya wanawake wa ngoma. Mwalimu alipouliza mle bungeni nani amesikia habari za Lele Mama, basi wabunge walitakiwa waone aibu mara mbili, maana ndiyo iliyowafikisha kwenye viti vile.

Haya na mwisho wake mnaujua, Bibi Titi akashitakiwa katika kesi ya uhaini ya 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha 1972. Sisemi nani mkweli nani muongo. Nasema tu kwamba aliyeijua lelemama kuliko wote alipita huko.

Kibuyu Kitupu

@Mama Sekulu shikamoo mama. Hapa umenifungua macho, sikuwahi kuliunganisha hili. Nilikuwa nasoma ile orodha ya ngoma kama mtu ametaja majina ya kunogesha tu.

Mama Sekulu

Marahaba mwanangu.

Dodoma Kavu

Mbona hamsemi upande wa pili? Septemba 1962, miezi mitatu kabla ya hotuba hiyo tamu, bunge hilohilo lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Januari 1963, mwezi mmoja baada ya hotuba, TANU ikaamua nchi iwe ya chama kimoja, ikakamilika kwenye katiba ya 1965. Kwenye uchaguzi wa rais Novemba 1962 Zuberi Mtemvu, mpinzani wake wa chama cha Congress, alipata kura elfu ishirini na kitu, Mwalimu zaidi ya asilimia 98, sasa chama kimoja cha nini tena na mpinzani mwenyewe ni yule? Mimi hotuba za kuapishwa huwa nasoma na tarehe za sheria pembeni, ukisoma peke yake utalia machozi bure.

Na huo utamaduni. Mwisho mwisho wa miaka ya 60 Wamasai wakaambiwa waache lubega wavae suruali, hawaruhusiwi kupanda basi na mavazi yao. Huo haukuwa utamaduni? Halafu 1969 vijana wa chama wako mtaani Dar wanawakimbiza mabinti wa mini na wigi, muziki wa soul nao ukakatazwa. Kwahiyo kuvaa kizungu kosa na kuvaa kiasili kosa. Mtu avae nini?

Kitasa

Kanzu ya kijani 😂😂

Kibuyu Kitupu

@Dodoma Kavu nimekubali tarehe zako zote. Ila kuna kitu naomba tutenganishe. Ukiisoma hotuba yenyewe hakusema tufunge milango. Alisema taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu na wendawazimu, ila kujifunza kwa wengine sio kutupa cha kwako. Na huyu huyu mwaka uliofuata ametoa tafsiri yake ya Shakespeare kwa Kiswahili, kwahiyo hakuwa mtu wa kuogopa vya nje. Waliokimbiza mabinti mtaani walichukua nusu ya kwanza ya sentensi wakaacha nusu ya pili. Au walichukua nusu ya pili, sijui, wewe utapanga.

Dodoma Kavu

Mkuu wazo zuri likiharibiwa na watekelezaji mara moja nakuelewa. Likiharibiwa na kila mtekelezaji, kwenye vijiji hivyo hivyo, kwenye mavazi hivyo hivyo, basi wazo lenyewe lina mlango ambao wote wanaingilia. Mlango wenyewe ni huu, kwamba yupo mtu mmoja juu anayejua utamaduni wenu ni upi na mkae wapi.

Jogoo la Shamba

Ila kwenye muziki mnasahau kichekesho kikubwa kuliko vyote. Desemba 1962 rais analalamika watu wanacheza rumba. 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kinaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Inapiga nini? Rumba! Polisi wakawa na bendi yao, jeshi vilevile, magitaa yamenunuliwa na taasisi za umma, wanamuziki wanalipwa mishahara, Redio Tanzania inawarekodi. Na ikawa muziki wetu haswa maana mashairi yalikuwa Kiswahili kitupu, mambo ya shemeji na mama mkwe na mshahara haujatoka.

Halafu tamu inakuja hapa. NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, na leo inaitwaje? Msondo Ngoma. Msondo ni nini, waulizeni wazee wa Pwani, ni ngoma ya unyago! Yaani rumba ilizunguka miaka yote ikaja kuvaa jina la ngoma yenyewe. Mwalimu alishinda kwa mlango wa nyuma bila wizara kufanya chochote 😂

binti_kisauni

Jogoo nimecheka kwa sauti kazini hapa

Ng'wana Maswa

@Jogoo la Shamba jina limekuja lakini. Kama mzee wa Kibuyu anavyosema, huku ngoma bila jina, huko jina bila ngoma.

Wanjohi wa Nakuru

Majirani niaje. Hapa Kenya hatuna hizo hotuba za ngoma, sisi yetu ni bei. Ruto pale Kasarani Septemba 2022 alisimama akasema mbolea itashuka kutoka 6,500 hadi 3,500 gunia, watu wakapiga kelele uwanja mzima. Na mimi kama mkulima nilifurahi, si uongo, nilienda kupiga foleni kuchukua. Hiyo unaeza ipima, gunia limekuja ama halijakuja. Lakini yenu ya kuuliza nani anajua kucheza nini, utaipima na nini? Mwanasiasa akiongea vitu haziwezi kupimwa mimi hushika mfuko wangu.

Ingawa pia nakumbuka Kibaki pale Uhuru Park Desemba 2002, yuko kwa wheelchair, shingo imefungwa, mguu una plasta, anasema ufisadi hautakuwa tena njia ya maisha Kenya. Hiyo haikuwa na bei. Na watu walikuwa wanashika polisi wa hongo barabarani na mikono yao wenyewe wiki zile, raia wa kawaida tu kwa matatu. Ilidumu miezi kadhaa hivi alafu ikaisha. So sijui. Pengine maneno matupu yana nguvu kidogo, shida ni kwamba inaisha kama betri.

Kibuyu Kitupu

@Wanjohi karibu sana jirani. Hiyo ya raia kukamata polisi kwa matatu ndio ninachokitafuta. Mbolea ukiletewa unaipokea, kazi ya mtu ni kusubiri. Kibaki hakuwaletea kitu ila watu wenyewe wakainuka wakafanya. Na swali la Mwalimu lilikuwa la namna hiyo. Hakusema "serikali yangu itapiga ngoma", aliuliza wangapi wanaweza kucheza. Jibu lilitakiwa litoke miguuni mwa watu. Kosa nadhani ni pale pale alipounda wizara ya kulijibu, maana kuanzia siku ile ngoma ikawa na afisa, ikipigwa afisa anapojaza fomu. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, tumefundishwa shule nchi nzima, Mchaga anacheza sindimba, Mnyakyusa anacheza sindimba, mimi mwenyewe nimecheza sindimba kwa viboko, na ya kwetu hakuna aliyetufundisha.

Na siku hizi utamaduni umekaa wizara moja na sanaa na michezo. Simba na Yanga zikicheza unadhani nani pale ofisini anaulizia Kiduo?

Dodoma Kavu

Sasa hapo tumekutana mkuu. Ungesema hivi tangu mwanzo nisingeandika kirefu.

Mzee wa Foleni

Mimi nina swali dogo. Kuna sehemu kwenye hotuba anasema ukicheza hizo foxtrot hupati msisimko kama wa mganda au gombe sugu, hata kama muziki wenyewe ni kokoto zinatikiswa kwenye mkebe tu. Mi sijawahi kuisoma hiyo bila kumkumbuka marehemu mama, kwenye kile kijiji tulichopangwa hakukuwa na ngoma hata moja mwaka wa kwanza maana ngozi na mizinga vilibaki kwenye mahame. Kina mama walikuwa wanatia mawe kwenye kopo la mafuta ya kula, yale makopo ya bati ya msaada. Nilikuwa mdogo, nadhani miaka sita. Wanacheza usiku uani, hakuna aliyeambiwa, na asubuhi kopo linarudi kuchotea maji. Swali langu, ile ilikuwa ngoma gani? Mama alifariki sijamuuliza.

Mama Sekulu

Kwenu ni wapi baba? Mkoa tu unatosha.

Mzee wa Foleni

Kigoma mama, upande wa Kasulu.

Mama Sekulu

Huko sikujui vizuri nisije nikakudanganya. Kama kuna Muha humu ajitokeze.

Kitasa

Nyie watu. Nilikuja kutania tu sasa nimempigia bibi yangu Korogwe saa hizi usiku namuuliza Kiduo anaijua, kwanza kaniuliza nimekunywa nini. Halafu akanyamaza. Halafu akaanza kuimba kwenye simu, sijaelewa hata neno moja, kaimba kama dakika mbili na anagonga kitu, nadhani meza. Kanikatia akasema nimlete mkwe. Sijui kama aliyoimba ndio yenyewe au kanitupia nyingine. Nimerekodi, nitaipandisha kesho, bando limeisha.

Kibuyu Kitupu

Kitasa usiifute hiyo. Nakutumia bando sasa hivi, njoo inboksi na namba.